Mkeka wa Saa Tisa

Bangili ya mpira ilikaa mkononi mwa baba siku mia na tisini.
Aliivua mara tano. Mara moja niliikuta kwenye sufuria ya maharage,
bado inahesabu.

Sista Generoza akaniletea karatasi kutoka zahanati,
furushi zima, nambari zimebanana kama siafu:
saa alizolala, mara alizoamka,
mapigo ya moyo kitandani, mapigo ya moyo mlangoni,
hatua za kwenda ukutani na za kurudi.
Chini, kwa kalamu ya bluu:
usingizi umevurugika; anazurura.

Anazurura.
Mihayo Katabi, aliyeshika taa ya kijani na taa nyekundu
stesheni ya Tabora miaka thelathini na mmoja,
hakuzurura hata siku ya mshahara.

Mimi grafu sizijui. Najua ukindu.
Nikanunua mafungu sita Kanyenye, nikachemsha rangi.
Chane nyeupe: amelala.
Zambarau: macho yako wazi.
Nyekundu: ameshafika mlangoni, mkono uko kwenye komeo.
Usiku mmoja mstari mmoja,
mwezi mmoja shupatu moja.

Lakini nilimwomba kwanza. Haya ni mambo ya mwili wake,
si ushanga wa kuokota njiani.
Nikangoja asubuhi aliyoniita Nyamizi,
si kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa,
nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho.
"Usinipambe," akasema. "Nikilia, suka kilio."
Kisha akaniuliza kwetu ni wapi,
na kama wenyeji wamenipa chai.

Februari aliugua malaria. Shupatu lake limeiva zambarau tupu,
kama mdomo wa mtoto aliyeshinda juu ya mzambarau.
Machi nilichubuka vidole, nikaacha wiki nzima.
Nkwabi akaja kutoka Nzega, akaweka begi chini, akaniuliza:
aibu ya mzee unaitandika sebuleni watu waikanyage?
Sikuwa na jibu. Bado sina lote.
Nikampa sindano ashone.

Na ni yeye aliyeona.
Alipanda kigoda kubadilisha balbu,
akatazama chini, akasahau balbu mkononi.
Nyekundu zote zilikuwa zimefuatana,
shupatu baada ya shupatu, mahali palepale,
saa tisa na dakika chache usiku:
Jumatatu, Alhamisi, Jumamosi, kisha kimya,
Jumatatu, Alhamisi, Jumamosi.

"Gari la Kigoma," Nkwabi akasema.

Gari la zamani, kabla hawajabadilisha ratiba,
tulipokuwa tunalala watatu kitanda kimoja
na kusikia buti zikitoka, mlango ukirudishwa taratibu
na mtu asiyetaka kutuamsha.
Zamu. Usiku wote ule baba alikuwa anaingia zamu
na mimi nilikuwa namrudisha kitandani kwa kumkaripia.

Jumapili tukamtandikia.
Akavua ndara. Akapiga magoti kwa awamu, goti moja, pumzi, goti la pili,
akapitisha kidole juu ya mstari mwekundu
akiutajia majina: Usoke. Urambo. Kaliua.
Kidole kikafika Machi, kwenye chane moja
iliyokimbilia pembeni, karibu na saa kumi na moja.
Nilikuwa nimekwisha kujilaumu kwa chane ile,
nikidhani nilihesabu vibaya kwa usingizi wangu mwenyewe.

"Hapa," akasema, "lilichelewa. Maji yalipita juu ya reli."

Akajinyoosha palepale, kichwa Aprili, miguu Novemba,
akalala mchana kweupe, mdomo wazi.
Sista akauliza kama niandike.
Saa saba na robo.
Mchana sikuutengea chane.